Anawashonea wenzake shanga, mwenyewe kasema anasafiri

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, nina fremu ndogo huku Tandika, huu ni mwaka wa 14. Nashona sare za shule na magauni ya kina mama, na kila ikifika Septemba na Oktoba kazi inayonijaa ni magauni ya mahafali. Mwaka huu msimu wenyewe umeniingilia mpaka ndani ya nyumba, ndiyo sababu nakuandikia.

Binti yangu wa kwanza yuko kidato cha nne, shule ya kutwa hapa hapa Temeke. Mahafali ya shule nimeshayalipia, 35,000, humo mna joho na kofia za kukodi, chakula, soda na picha. Hapo sina neno. Neno liko kwenye pati. Wanafunzi wenyewe wamejipangia pati ya usiku ukumbini, Jumamosi inayofuata baada ya mahafali. Mchango ni 80,000 kwa kila mmoja, na aliyetoa ndiye anayeandikwa kwenye orodha ya mlangoni. Wasichana wavae magauni marefu, wavulana suti. Kutakuwa na zulia jekundu, mpiga picha, dijei, keki ya ngazi tatu, na wapo wanaochangishana kukodi gari ili washuke pale mlangoni kama maharusi.

Wasichana tisa wa darasa lao wameleta vitambaa kwangu. Wanakuja na mama zao, wananionyesha picha kwenye simu: mabega wazi, mkia wa kuburuta, shanga kifua kizima. Nakata, nashona. Na anayenisaidia kushonea hizo shanga, Shangazi, ni binti yangu. Akirudi shule anakula, anafanya maswali yake, halafu saa tatu usiku anakaa mkekani na sindano yake na bakuli la shanga, moja baada ya nyingine, mpaka saa tano. Ana mkono mwepesi kuliko wangu. Kati ya magauni tisa, sita shanga zake kashona yeye.

Hajawahi kunitajia hiyo pati hata siku moja. Nikadhani haitaki, maana ni mtoto mkimya, si wa makundi. Mpaka juzi msichana mmoja alipokuja kujaribu gauni. Anajigeuza mbele ya kioo, huku ananiambia, "Pole na mgonjwa, baba. Tulitamani sana awepo, ila ametuambia siku hiyo mnasafiri kwenda Korogwe kumwona bibi."

Bibi wa Korogwe ni mama yangu mzazi. Tulimzika 2022.

Nilimwambia yule binti ahsante, nikainama kwenye pindo la gauni lake nikaendelea kuweka pini. Nilijichoma kidole na sikusikia maumivu mpaka nilipoona damu. Nikashukuru Mungu kitambaa chenyewe kilikuwa cheusi.

Jioni nikamweleza mke wangu. Yeye anauza chapati na chai asubuhi, na ndiye anayejua kila shilingi ya nyumba hii inavyotembea. Akanijibu, "Mwache. Mtoto ameiona hali, ametuondolea aibu. Wewe unataka kuirudisha?" Sikulala.

Gauni moja nashona 45,000. Usije ukauliza hela imekwenda wapi: mwenye fremu anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na vianzio vyote walivyonipa wateja vimeishia huko. Kilichobaki ni salio watakalolipa wakija kuchukua nguo zao, na hilo ndilo la kutulisha mwezi huu. Nimewaza kukopa. Mke wangu yuko kwenye kikoba, angeweza kuchukua, lakini hataki. Na pale mtaani wapo wale wa kausha damu, wanatoa 150,000 siku hiyo hiyo, unarejesha kila siku jioni.

Kuna na jambo ambalo hata mke wangu halijui. Nimenunua Kariakoo mita nne za satini ya zambarau. Si mabaki ya mteja, nimenunua kwa hela yangu. Nataka nimshonee kwa siri nimshtukize. Vipimo nitatoa kwenye sare niliyomshonea Januari.

Nikope? Nimwambie kwamba najua alichowaambia wenzake? Au nikae kimya kama mama yake anavyotaka? Mtihani wa taifa unaanza Novemba na sipendi kumvuruga kichwa.

Baba wa binti, Tandika

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Na pole na kidole.

Nianze na bibi wa Korogwe, kwa kuwa naona hapo ndipo palipochoma kweli, kuliko hata zile 80,000. Mtoto amemtumia marehemu mama yako kama kisingizio. Ningekuwa wewe ningeumia vile vile. Lakini jaribu kukumbuka alipokuwa na miaka mitano au sita, akivunja kikombe au akiitwa kwa ukali alikuwa anakimbilia wapi mkiwa Korogwe? Nyuma ya kanga ya bibi. Amebanwa, wenzake wanamuuliza kila siku kama ameshalipa, na akili yake ikaenda kujificha pale pale ilipozoea. Mimi sioni dharau kwa marehemu hapo. Naona msichana wa miaka 16 au 17 aliyebeba mzigo peke yake kwa wiki kadhaa, na kila usiku ameketi hatua mbili kutoka kwako.

Ndiyo maana sikubaliani na mama yake kwenye hilo la kunyamaza, ingawa namheshimu, na nitasema baadaye alipo na haki. Mkinyamaza, nyumba yenu itakuwa na watu watatu wanaojua jambo moja na kila mmoja anamficha mwenzake. Siku ya pati itafika. Magauni yatachukuliwa moja moja pale fremuni, naye atakuwa amekaa ndani akiogopa hata kwenda dukani, kwa sababu aliwaambia wenzake yuko Korogwe. Hiyo Jumamosi itakuwa ndefu sana kwake.

Kuhusu mkopo jibu langu ni hapana, na la kausha damu ni hapana mara mbili. Unalijua jina lenyewe wananchi wamelitoa wapi. Marejesho ni ya kila siku, na wewe kazi yako ni ya msimu: Oktoba wateja wanapanga foleni, Novemba unakaa unaangalia barabara. Siku utakayokosa rejesho watatazama ndani ya fremu wachukue nini, na humo ndani kuna kitu kimoja tu chenye thamani, nacho ndicho kinachowalisha. Usiiweke rehani cherehani kwa ajili ya usiku mmoja. Hapa mke wako amesema kweli tupu, na tafadhali mwambie Shangazi amemuunga mkono.

Sasa nirudi kwenye barua yako, kuna mstari umeuandika halafu ukaupita haraka. Magauni sita kashona shanga yeye.

Mdogo wangu, ile ni kazi. Wewe fundi unajua kuliko mimi kwamba gauni lenye shanga kifua kizima halishonwi kwa bei moja na gauni tupu, na ungemwita fundi wa kudarizi kutoka nje angekutoza. Angekutoza kiasi gani, 10,000 kwa gauni? Huenda zaidi, lakini tuchukue hiyo hiyo. Magauni sita ni 60,000. Hiyo hela ni ya kwake tayari. Ameifanyia kazi saa tatu mpaka saa tano usiku, kwa mikono yake, kwenye nguo za wenzake atakaowaona wakiondoka nazo. Mpe. Wateja tisa wanadaiwa salio, nao watalileta kabla ya pati kwa sababu bila kulileta hawatoki na gauni. Kwa bei yako na kianzio cha nusu, unategemea kama laki mbili hivi. Ukitoa 60,000 hapo chakula cha mwezi kitapungua, sikatai, na itabidi mkae na mama yake mjue mnakata wapi. Ila utakuwa umemlipa mtu stahili yake, na hutakuwa na deni kwa mtu yeyote.

Hela hiyo usimpe kama hisani, wala usimwambie "nimekutafutia ya pati." Mwambie ni malipo ya shanga, umhesabie mbele yake gauni kwa gauni, kama unavyomhesabia fundi mwingine. Halafu yeye aamue. Akitaka kuongezea afikishe 80,000 aende, mtazungumza hiyo 20,000 inatoka wapi. Akisema anaiweka, iwekwe. Yeye hakupata nafasi ya kuchagua. Aliangalia nyumba, akahesabu mwenyewe, akajifungia mlango kabla hamjaambiwa kuna mlango. Hilo tu ndilo ninalotaka umrudishie.

Namna ya kumwambia. Usimwite sebuleni ukakaa kitini naye akasimama. Usimwambie mbele ya wadogo zake, na fremuni kuna wateja. Msubiri usiku, mkiwa mmeketi na nguo mapajani, macho yenu wote wawili yako kwenye kazi. Watoto wakimya huzungumza vizuri mtu asipowakazia macho. Anza hivi: "Rafiki yako amekuja kujaribu gauni, amenipa pole ya bibi." Unyamaze hapo. Usijaze kimya. Anaweza kulia, anaweza kukaa dakika nzima bila neno, mwache. Akishaelewa kwamba unajua, mwambie hukasiriki, na kwamba kosa dogo mlilofanya nyinyi wazazi ni kutomuuliza. Hapo tu, basi. Hotuba ya uongo na ukweli ihifadhi, mwenyewe anajua alichofanya, na kwa mtoto wa aina yake kujua huko kunatosha.

Halafu mwonyeshe hesabu ya nyumba. Yote: kodi ya fremu, umeme, chakula, chapati zinaingiza nini. Tayari ameshakisia, na makisio ya watoto huwa ya kutisha kuliko hali halisi. Nimewahi kupokea barua ya kijana aliyedhani wazazi wake wako mbioni kufukuzwa nyumba, kumbe walikuwa wanajibana wamalizie kiwanja.

Kuhusu pati yenyewe nina mawazo yangu, na naomba unisikilize kidogo hata kama hukuniuliza.

Siko upande wa wazee wanaosema huu wote ni ulimbukeni. Mtoto aliyekaa darasani miaka 11, saba ya msingi na minne ya sekondari, amefanya jambo kubwa, na wengi wa Tandika mnawajua walioanza naye darasa la kwanza na hawakufika. Kutaka kuvaa vizuri usiku mmoja na kupigwa picha na marafiki ambao baada ya Novemba kila mmoja atashika njia yake ni haki ya roho. Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 1983. Wewe utakuwa mdogo hukumbuki, lakini ule ndio mwaka Sokoine aliwafungulia walanguzi msako, sukari na sabuni ni foleni, mitumba haijaruhusiwa. Tulivaa magauni ya vitambaa vya Urafiki, kiwanda kile cha Ubungo, wengine tukifanana rangi kwa sababu duka lilileta jora moja. Tulikula wali kwenye masinia, tukacheza muziki wa redio kaseti ya mwalimu. Tulijipamba kadiri ya uwezo, na tulijiona malkia. Kwa hiyo usinihesabu kwenye kundi la wanaowacheka watoto kwa kupenda kupendeza.

Tofauti ninayoiona ni mlango. Sherehe yetu ilikuwa ya shule, ndani ya bwalo la shule, na hakuna aliyeweza kuambiwa hayumo. Aliyekuwa na viatu vipya na aliyeazima waliingia mlango ule ule. Neno mahafali tumelipata kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni mikusanyiko tu, watu kukusanyika. Pati ya ukumbini imeweka orodha na bei kwenye mkusanyiko, na papo hapo darasa moja lililokaa pamoja miaka minne limegawanyika kati ya wenye 80,000 na wasio nazo. Na wasio nazo hawasemi hawana. Wanasema wanasafiri. Nina hakika kabisa binti yako hayuko peke yake. Kwenye darasa hilo wapo wengine wenye bibi anayeumwa, na kaka anayeoa mkoani.

Hapo ndipo una nguvu usiyoijua. Mama tisa wamesimama mbele ya cherehani yako, na watarudi kuchukua nguo. Hakuna mwalimu wala mwenyekiti wa kamati ya wazazi aliyekutana na mama wengi wa darasa hilo kwa wiki mbili kuliko wewe. Wakija, waulize maswali ya kawaida ya mzazi kwa mzazi. Fedha zinakusanywa kwenye simu ya nani? Ukumbi umelipiwa, na kuna risiti? Mkuu wa shule anajua, au jina la shule linatumika tu? Pati inaisha saa ngapi, na watoto wanarudi na nini, maana Noah ya kukodi inawapeleka lakini mara nyingi hakuna aliyepanga ya kuwarudisha, na msichana mwenye gauni la kuburuta saa sita usiku juu ya bodaboda ya mtu asiyemjua ni jambo linalonikosesha usingizi. Mzazi gani atakaa pale mlangoni mpaka mwisho?

Na pombe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inawakataza wenye baa na kumbi za disko kuwaingiza watoto humo au kuwauzia vilevi. Mwenye ukumbi anaijua, ila akiona suti na mekapu atajifanya haoni. Wazazi wawili watatu wakimpigia simu mchana ataona vizuri zaidi usiku. Mkiwa mnazungumza hayo, mama mmoja akishauri mchango ushuke hadi 40,000, keki iwe ya ngazi moja na zulia liachwe ili darasa zima liingie, naomba usikae kimya. Sema unaunga mkono. Huna haja ya kueleza habari za nyumbani kwako. Ila usilianzishe wewe kabla hujazungumza na binti yako na akakuruhusu, asije akasikia kwa wenzake kwamba baba yake amekwenda kumwombea nafuu.

Kitu kingine ambacho kwenye barua yako kimenitia wasiwasi kuliko pati ni saa tano usiku. Mtihani umebaki wiki chache. Sisi tuna utaratibu wetu wa kuweka mahafali kabla ya mtihani, na naelewa kwa nini: karatasi ya mwisho ikikusanywa wanafunzi hutawanyika siku hiyo hiyo, huwezi tena kumkusanya mtu. Watoto wetu wanaangalia kwenye simu zao pati ya Wamarekani, ile prom, na wenzao wa Afrika Kusini wakishuka kwenye magari, wanatamani. Wamarekani prom yao huwa karibu Aprili au Mei, mwaka wa shule unaelekea ukingoni, na joho wanalivaa Mei au Juni masomo yakiwa yamekwisha. Gauni na gari vimefika kwetu, kalenda haikuja navyo. Wa kwetu anavua gauni Jumapili asubuhi, Jumatatu anafungua daftari la hesabu. Kwa hiyo magauni haya sita yakiisha, sindano ichukue likizo. Shanga za magauni matatu yaliyobaki shona mwenyewe, au mwite fundi. Mtoto alale.

Anaweza akakujibu kwamba haendi hata ukimpa hela. Usibishane naye, na usidhani ameficha kitu tena. Yawezekana 60,000 mkononi mwake ina kazi nyingine. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, na akichaguliwa kidato cha tano, kwa msichana wa Dar uwezekano wa kupangiwa shule ya bweni mkoani ni mkubwa. Ada ya kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali imefutwa tangu mwaka wa fedha 2022/23, lakini ile fomu ya kujiunga bado inakuja na orodha yake: godoro, shuka, ndoo, sare mbili, viatu, rimu ya karatasi, fagio, jembe. Pengine ameshaiona kwa dada wa jirani. Akisema hela iwekwe kwa ajili hiyo, iweke kwa jina lake na usiiguse hata siku umeme ukikatika.

Akichagua kwenda, kuhusu Korogwe mwachie mwenyewe atakachowaambia wenzake. Inatosha aseme "nakuja." Wasichana wa umri ule wakisikia nakuja wanaruka, hawaulizi mgonjwa amepona lini. Ukimlazimisha aende kukiri mbele yao utakuwa umemvua nguo ili umvishe gauni.

Na yote mawili, aende asiende, nyumbani kwenu fanyeni yenu. Kikoba cha mke wako, kama ni kama vikoba vingi, kinavunjwa Desemba. Kufikia hapo mtihani umekwisha, kichwa chake ni chepesi, na hela hiyo ni yenu, haina riba. Pilau sufuria moja, soda, keki ndogo, muiteni yule rafiki aliyekupa pole na wengine wawili watatu anaowapenda yeye. Mama yake amlishe keki. Wewe mvishe shada la maua, yale yanayouzwa nje ya kila shule siku ya mahafali yanapatikana na Desemba pia. Kama mna nafasi, mpelekeni Korogwe siku moja au mbili, kwenye kaburi la bibi. Siyo adhabu, na usiifanye ionekane hivyo. Nadhani atapenda kwenda.

Nimeacha satini ya zambarau mpaka mwisho, kwa sababu imenigusa sana, na kwa sababu nataka ubadilishe mpango. Usimshtukize. Ukimletea gauni limekamilika bila kuzungumza naye kwanza, atalazimika kulipokea kwa furaha hata kama moyoni anawaza ataingiaje ukumbini na bibi yuko mgonjwa, na hela ya mlangoni hana. Zungumza naye kwanza, mlipe, mwache aamue, ndipo utoe kitambaa. Akisema pati haendi, satini haiozi, itakuwa gauni la Desemba. Mama yake naye umwambie leo uliinunua, maana hesabu ya nyumba hiyo ni yake na ukiificha mita nne atagundua.

Sare ya Januari isitumike kwa vipimo. Miezi tisa kwa msichana wa umri huo ni mingi, na wewe fundi unalijua hilo. Mwite fremuni siku hakuna foleni, asimame mbele ya kioo kile wanaposimama wenzake, umuulize anataka mshono gani, mkono mrefu au mfupi, shanga ziwe wapi. Chukua tepu yako, mpime bega, kifua, kiuno, urefu, na uandike kwenye daftari la wateja, ukurasa wake, jina lake juu.

Shangazi